Umefukuzwa Kazi Ghafla? Siku 30 Zinahesabika

Alikuja kliniki asubuhi moja na mtoto mgongoni. Tulimpima mtoto uzito, tukaandika kwenye kadi, kisha tukaona mama mwenyewe hayuko sawa. Macho yalikuwa mekundu na mikono ilitetemeka. Tulipompima shinikizo la damu, tulikuta limepanda. Tukamuuliza kama anapata usingizi usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista, nimefukuzwa kazi. Mume wangu amejua juzi tu."

Tulimkalisha pembeni akatueleza. Kwa zaidi ya miaka sita alikuwa mpishi katika shule moja ya binafsi. Siku moja mchele ulionekana kupungua stoo. Jioni msimamizi alimwambia mbele ya wenzake kwamba kesho asirudi. Hakuitwa kikaoni wala hakupewa barua. Asubuhi alikwenda akidhani hasira zimetulia, lakini mlinzi alimzuia getini. Hata mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi mwezi ule hakulipwa.

Aliogopa kumwambia mumewe. Kwa wiki mbili aliendelea kuondoka nyumbani kila asubuhi, amevaa sare yake ya kazi, akaenda kushinda kwa dada yake hadi jioni. Kisha mtoto akapata nimonia, wakalazwa siku nane. Alipotoka hospitali alikuwa hana nguvu hata ya kufikiri. "Nimemwachia Mungu," alituambia.

Tulimuuliza ni tarehe ngapi alipozuiwa getini. Alipotaja, tukahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Zilikuwa zimepita siku 41.

Siku hiyo hatukujua kwamba hesabu ile ilikuwa na maana kubwa kuliko machozi yake yote. Tulikuja kujua baadaye, tulipofuatana naye kutafuta msaada. Tangu hapo tumewasindikiza akina mama wengine wa kanisani kwetu wenye shida kama hiyo, na karibu wote walikuwa na kosa moja: walikaa kimya muda mrefu mno. Ndiyo sababu tumeona tuandike. Sisi si wanasheria, ni wauguzi. Lakini mambo tutakayoyaeleza hapa ni haki ambazo kila mfanyakazi wa Tanzania Bara anapaswa kuzijua kabla hajafikwa na shida.

Sheria inasema nini?

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inawahusu wafanyakazi wa viwandani, dukani, shuleni, hotelini na hata wa majumbani. Wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa hawamo. Watumishi wa serikali wana ngazi zao za kukata rufaa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Ndugu zetu wa Zanzibar nao wana sheria zao wenyewe za kazi.

Kwanza kuna notisi. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi anapaswa kumpa taarifa ya maandishi, yenye sababu na tarehe iliyotolewa. Anayelipwa kwa mwezi apewe si chini ya siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki apewe si chini ya siku 4. Kama taarifa inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, ni si chini ya siku 7. Mkataba wenu unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Notisi haitolewi wakati mfanyakazi yuko likizo. Mwajiri asiyetaka uendelee kufika kazini anaweza kukulipa fedha za kipindi hicho badala ya notisi.

Lakini hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani mwajiri akishalipa notisi basi mambo yamekwisha. Sivyo. Notisi ni jambo moja, na uhalali wa kukuachisha ni jambo jingine. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki, na pia afuate utaratibu wa haki. Sababu hiyo inaweza kuwa mwenendo wako, uwezo wako wa kufanya kazi, au mahitaji ya shughuli zake, kama vile biashara kushuka. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ipo na utaratibu umefuatwa uko mabegani mwa mwajiri.

Je, mwajiri anaweza kumfukuza mtu papo hapo bila notisi? Ndiyo, yako makosa makubwa yanayoweza kufikisha huko: wizi na udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kumpiga mwenzako au mteja, au kukaidi amri halali kwa kiburi. Hata hivyo, mtuhumiwa lazima asikilizwe. Aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kwenda kikaoni na mwenzake wa kazini au kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Mpishi wetu hakupewa lolote kati ya hayo. Pengine mchele uliibwa, pengine ulipimwa vibaya. Hakuna aliyemuuliza.

Ujauzito si kosa la kazi

Akina mama wengi hutuambia kliniki kwamba wameficha mimba kazini hadi tumbo likajionyesha, kwa kuogopa kufukuzwa. Sheria inasema wazi kwamba kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu inayohusu ujauzito wake si halali. Likizo ya uzazi yenye malipo ni haki yake: siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Ukiambiwa "ukimaliza kunyonyesha utatafuta kazi kwingine," hilo ni jambo la kupeleka mbele, usilimeze na uji wa uzazi.

Siku 30 ni zipi?

Mahali pa kupeleka malalamiko ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Ina ofisi mikoani. Anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali anapaswa kufungua shauri lake ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Kwa madai mengine ya kikazi, kama mshahara usiolipwa au likizo, muda ni siku 60.

Zingatieni kwamba siku hizo ni pamoja na Jumapili na sikukuu. Hazisimami kwa sababu unamsubiri bosi apoe, au mtu amekuahidi kukuombea msamaha. Tumeona mfanyakazi akizungushwa, "Njoo wiki ijayo," "Mkurugenzi amesafiri," hadi mwezi ukaisha. Kuzungumza na mwajiri ni vizuri, lakini fungua shauri wakati mazungumzo yakiendelea. Mkipatana, shauri linaweza kuondolewa. Muda ukipita, kuurudisha ni kazi.

Ukichelewa, si kwamba mlango umefungwa kabisa. Unaweza kuiomba Tume ikuongezee muda, ila ni lazima uwe na sababu nzito na ushahidi wake. Mpishi wetu aliokolewa na karatasi za hospitali zilizoonyesha tarehe ya mtoto kulazwa na kuruhusiwa. Zile wiki mbili za kushinda kwa dada yake zilimpa taabu kubwa kuzieleza. Aibu si sababu inayoandikika kwa urahisi kwenye fomu.

Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini ajue kwamba kifungu cha kupinga uhalali wa kuachishwa hakimhusu. Hata hivyo notisi yake na mshahara wa siku alizofanya kazi anaudai kama mwingine yeyote.

Cha kufanya tangu siku ya kwanza

Katika wodi tulifundishwa kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halikutendeka. Kanuni hiyo inafaa hapa pia.

1. Andika. Siku ile ile, chukua daftari la mtoto kama huna jingine, uandike tarehe, saa, maneno uliyoambiwa, aliyeyasema na waliokuwapo.

2. Usitie saini kwa haraka. Wengine huletewa karatasi inayosema wamejiuzulu kwa hiari, au wamelipwa haki zao zote. Omba muda uisome nyumbani. Mtu akifanyiwa vituko hadi akalazimika kuacha kazi, sheria inaweza kumhesabu kuwa ameachishwa, lakini kulithibitisha hilo ni kazi ngumu. Usijiongezee ugumu kwa saini yako.

3. Omba barua. Kama umefukuzwa kwa mdomo, andika barua fupi ya heshima kuomba sababu kwa maandishi. Baki na nakala.

4. Kusanya karatasi: mkataba, hati za mshahara, kitambulisho cha kazi, fomu za likizo, taarifa za benki au ujumbe wa simu unaoonyesha malipo. Kama hukuwahi kupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Mwajiri ndiye aliyepaswa kukuandikia, na kukosekana kwake hakukufanyi usiwe mfanyakazi.

5. Angalia michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Uliza pia kama una sifa za kupata fao la upotevu wa ajira.

6. Mwone kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Kama huna chama, wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na viko vyama kama TAWLA na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake vinavyowasaidia akina mama.

Shauri linakwendaje?

Wengi wetu tukisikia neno "shauri" tunaona kizimba na polisi. Usuluhishi hauko hivyo. Unajaza fomu ya Tume, unaitia saini, na nakala unampelekea mwajiri. Tunza uthibitisho kwamba ameipokea, maana utaulizwa. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kwenda peke yako, au na kiongozi wa chama chako, au na mtu uliyemchagua mwenyewe akuwakilishe.

Kwanza mnaitwa kwenye usuluhishi. Mnakaa chumba kimoja pande zote mbili na msuluhishi, ambaye kazi yake ni kuwasaidia mpatane. Hatua hiyo inatakiwa imalizike ndani ya siku 30, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Mkipatana, makubaliano yanaandikwa, mnatia saini, na yanawabana wote. Soma kila mstari kabla hujasaini, kwa sababu baada ya hapo huwezi kusema ulikuwa hujaelewa. Na usikose kufika. Mlalamikaji asipotokea, shauri lake linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuamua bila yeye.

Mkishindwa kupatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Huyu husikiliza mashahidi, hupokea vielelezo na kutoa uamuzi, unaoitwa tuzo. Asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, akiomba marejeo ndani ya wiki sita.

Mwamuzi akiona uliachishwa isivyo halali, anaweza kuamuru urudishwe kazini kana kwamba hukuondoka, au uajiriwe upya kwa masharti atakayoyaweka, au ulipwe fidia. Fidia hiyo ni mbali na haki nyingine unazostahili.

Haki hizo ni zipi?

Ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, malipo ya notisi kama hukupewa, nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama ulichukuliwa mbali, na hati ya utumishi. Aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi ana pia kiinua mgongo cha kuachishwa kazi: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Hiki hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Tukigawanya kwa siku 26, mshahara wake wa siku ni shilingi 15,000. Siku 7 ni shilingi 105,000. Kama ametimiza miaka 6, kiinua mgongo chake ni shilingi 630,000, kabla hatujagusa notisi na likizo. Ni ada ya mtoto, ni mtaji wa genge. Si fedha za kumwachia mtu kwa sababu ya haya.

Na sisi wenye wasichana wa kazi?

Wakati tukimsindikiza mpishi wetu, jambo moja lilituchoma mioyo. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi, akamwona binti aliyefuatana na shangazi yake. Binti alikuwa msichana wa kazi. Mama mwenye nyumba alimtoa saa mbili usiku na mfuko wake wa nguo, kwa sababu ya sahani zilizovunjika, na mshahara wa mwezi akaambiwa ndio umelipa sahani.

Tulitazamana tukanyamaza. Nasi tuna la kukiri. Miaka iliyopita tuliwahi kumwondoa msichana nyumbani kwetu kwa asubuhi moja tu, tukampa nauli ya basi na kujiona wema. Hatukumsikiliza. Tulikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyechukua fedha za kabatini. Fedha zile tulikuja kuziona baadaye, ndani ya mfuko wa koti. Binti alikuwa amekwisha kurudi kwao na hatukuwa na namna ya kumpata.

Ndugu msomaji, sheria ile ile tunayoikimbilia tukifukuzwa ndiyo inayomlinda aliyeko jikoni kwetu. Akilipwa kwa mwezi, notisi yake ni siku 28. Ana likizo, ana haki ya kuelezwa kosa na kujitetea, ana mshahara usiokatwa kwa hasira. Akiwa na shida anaweza kwenda CHODAWU, chama kinachowapokea pia wafanyakazi wa majumbani, au Tume yenyewe. Torati iliwaagiza watu wasilaze ujira wa kibarua hadi asubuhi. Haikusema kibarua wa kiwandani tu.

Nyumbani pia kuna la kufanya

Kama wauguzi hatuwezi kumaliza bila kusema hili. Kufukuzwa kazi kunaumiza mwili. Tunawaona akina mama wanaopungua maziwa, wanaopandwa na presha, wanaokosa usingizi wiki nzima. Kunyamaza kunazidisha. Mwambie mumeo siku ile ile, hata kama unajua atakasirika. Mpishi wetu alituambia kwamba mumewe hakukasirikia kazi iliyopotea. Aliumizwa na zile asubuhi alizokuwa akimwaga mkewe aliyevaa sare, akidhani anakwenda kazini. Nanyi akina baba mnaousoma ukurasa huu juu ya bega la mke, msimuulize kwanza amefanya nini. Muulizeni tarehe.

Na kama ni jirani yako au dada wa jumuiya yako aliyefikwa, maombi ni mema, lakini mwombee huku umeshika kalenda. Mjane wa Luka 18 aliomba, na pia alikwenda kwa kadhi, akarudi tena na tena.

Ilikuwaje kwa mpishi?

Tume ilimkubalia kuongezewa muda. Siku ya usuluhishi alivaa gauni lake la kanisani, akaenda na daftari ambalo tulimsaidia kuandika tarehe zote. Mwakilishi wa shule alipoulizwa zilipo barua ya tuhuma na kumbukumbu za kikao, hakuwa nazo. Wakapatana. Hakutaka kurudi pale, hivyo alilipwa mshahara wake, notisi, likizo, kiinua mgongo na fidia waliyokubaliana. Akapewa hati yake ya utumishi, isiyotaja mchele wala wizi.

Tulipomuuliza ni kipi kilichomfurahisha zaidi, hakutaja fedha. Aliitoa ile hati kwenye bahasha, akatuonyesha jina lake.

Sasa anapika kwenye hosteli moja mjini. Wiki ya kwanza tu aliomba mkataba wa maandishi, akaleta nakala kliniki tumsomee. Presha yake imeshuka. Na mtoto, ambaye siku ile alikuwa mgongoni, sasa anatembea na kuvuruga kadi zote mezani kwetu.